Shahidi wa Kichupa Kitupu

Jumatatu asubuhi Mama Joto alifunua beseni la umeme la maji moto, akainua vichupa kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Cha mwisho kikamkata maini.

Kila alipopanda bakteria wa chemchemi ya maji moto, alitenga kichupa kimoja chenye chakula chao tu, bila tone la chemchemi. Hicho alikiita shahidi. Kwa miaka sita shahidi hakuwahi kuota kitu. Leo alijaa ukungu wa manjano, sawasawa na wenzake waliopandwa.

Jina la Mama Joto alipewa na wenzake wa maabara, kwa kuwa kazi yake ni kulea viumbe wanaostawi kwenye nyuzijoto sabini na mbili. "Huyu chai ikipoa kidogo anaitupa," walimtania, naye hucheka chinichini.

Leo hakucheka. Kiumbe huyo wa manjano ndiye aliyekuwa gumzo la jengo zima. Waliosoma vinasaba vyake walijibu kuwa hafanani na bakteria yeyote anayejulikana, na Alhamisi Profesa angesafiri kwenda kumtangaza mkutanoni: bakteria mpya wa chemchemi. Juu ya meza ya Profesa ilikuwapo pia barua ya kumpa Mama Joto ajira ya kudumu, baada ya mikataba sita ya mwaka mmoja mmoja. Ilibaki sahihi tu.

Akaketi. Kama kichupa kitupu kimeota, basi kilichoota kimetoka humu humu ndani. Wapi? Vichupa hupitishwa kwanza kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, na mle haponi kiumbe. Akalitazama beseni, vizibo vimelegezwa ili hewa ipite, maji yakirukaruka pembeni, ndipo alipomweka shahidi safari hii kwa kukosa nafasi katikati. Akakumbuka maji hayo yalikotoka.

Beseni lilitakiwa kujazwa maji baridi yaliyosafishwa, nayo huchukua saa nzima kupata moto. Tangu mwaka juzi yeye alikuwa akikata njia: anachota maji ya hita ya chumba cha chai, hita isiyozimwa mwaka mzima.

Alidondosha maji ya hita kwenye kichupa cha chakula kipya, akakiweka kichupa hicho ndani ya kabati kavu la joto, pamoja na shahidi mwingine. Kisha akasubiri.

"Mbona unakula kama mtu anayengoja majibu ya hospitali?" mdogo wake alimuuliza nyumbani.

"Nangoja kujua kama nimejiharibia kazi."

Alipomweleza, mdogo wake akaweka kijiko chini. "Si unyamaze, dada? Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye wa kunyamazishwa."

Jumatano kichupa cha hita kilikuwa cha manjano. Shahidi wa safari hii alikuwa safi kabisa. Chini ya darubini, walikuwa walewale: vijiti virefu, vyembamba kama nyuzi.

Profesa alikuwa akipanga makaratasi ya safari. "Karibu, Mama Joto. Umefuata barua? Ngoja nitafute kalamu."

"Usiisaini kwanza, Profesa."

Akapanga vichupa vitatu mezani, akaeleza yote, hita na njia yake ya mkato. Hakuacha neno.

Profesa alikigeuzageuza kichupa cha hita. "Miaka miwili tunapanda mlima kumtafuta," alisema hatimaye, "kumbe yuko chumba cha chai anasikiliza umbea wetu?"

"Vinasaba ndivyo vitakavyothibitisha. Ila nadhani ndiye. Bado ni mpya, Profesa. Kwao tu ndiko tulikokosea."

"Tulikokosea?"

"Nilikokosea."

Profesa akainua simu, akawaambia wenye mkutano kwamba haji. Alipoikata hakumtazama usoni.

"Nataka ripoti ya kosa hili. Uiandike wewe, kwa jina lako."

"Nitaandika."

"Ripoti za maabara hii huandikwa na mwajiriwa wa kudumu," akasema kwa ukali, akaivuta barua na kutia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Mama Joto alitoka kwenda kuitazama ile hita. Kwenye chumba cha chai mtafiti mmoja alikuwa ameshika kikombe, mkono kwenye swichi ya hita.

"Naizima nikaisafishe, ina kutu balaa."

"Thubutu!" alipaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.