Wimbo wa Mama na Simu ya Goma

Siku dada yangu mdogo alipoolewa, hakuna gari lililong'aa kuliko langu kati ya Mbugangari na Nyamyumba. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilirudi Rwanda kutoka Goma na begi moja na diploma ya umeme, niliyoisomea jioni huku mchana nikitengeneza redio za watu. Leo nina nyumba, nina duka, na gari hilo nililinunua kwa jasho langu. Bibi harusi angepanda nini kingine?

Mama yetu, ambaye bado anaishi Goma, alikuwa amevunjika mguu na hakuweza kuja. Kwa hiyo alijirekodi akiimba wimbo wa kumuaga binti, ule alioimbiwa na mama yake, akanitumia kwenye simu. Kwetu binti hafikishwi kwa wakwe kimya kimya kama gunia la viazi. Nilimwahidi dada kwamba tutakapoingia uani kwa wakwe, Nyamyumba, madirisha yatakuwa wazi, na mama ataimba kupitia spika nilizofunga kwa mikono yangu.

Tulipotoka kanisani, msafara ukipiga honi nyuma yetu, nikabonyeza simu nijaribu. Kimya. Kwenye simu wimbo ulikuwa unakwenda, na alama ya bluetooth ilionyesha imeshika gari. Nikapandisha sauti ya simu, nikapandisha ya redio. Kimya! Nikaegesha kando ya barabara ya ziwani, na msafara mzima ukasimama.

Shangazi yetu, aliyekaa nyuma akishikilia gauni la bibi harusi, hakunihurumia.

"Injenia, voiture yako imemeza wimbo ya wifi yangu?"

"Tantine, ngoja kidogo."

"Ile diploma iko ya umeme, ao ya kungoja?"

Dada alicheka, lakini niliona anavyokunja leso yake. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita mkubwa wetu, "mi siwezi kuingia bila mama. Kama haiimbi, tuzunguke kwanza."

Kuzunguka wapi, na wakwe wameshasimama mlangoni? Nikaweka stesheni ya redio, spika zikanguruma vizuri. Basi ugonjwa haukuwa kwenye spika. Nikalifuta gari kwenye simu, nikaliunganisha upya. Kimya. Nikazima injini, nikawasha. Kimya. Shati liliniganda mgongoni, lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa raha: hitilafu inayojificha hunichangamsha kama mpira wa dakika za mwisho.

"Weka simu ku dirisha!" dereva wa nyuma akapiga kelele. Nani angesikia simu katikati ya honi zile?

Ghafla spika zote zikalia mlio wa kupigiwa simu. Nikabonyeza kitufe kwenye usukani, na sauti ya mama ikajaa gari.

"Mumefika? Mbona sisikii vigelegele?"

Dada akapiga yowe. Mimi nikatazama simu mkononi mwangu. Haikuwa inapigiwa na mtu yeyote!

"Ile ya Goma!" nikapaza sauti.

Hapa mpakani, mfanyabiashara anayejiheshimu ana simu mbili, ya laini ya Rwanda na ya laini ya Congo, ili wateja wa pande zote wampate kwa bei ya kwao. Simu yangu ya Goma ilikuwa kwenye koti nililotundika nyuma. Gari lilikuwa limeshika zote mbili. Wimbo ulikuwa kwenye simu ya Rwanda, na redio ilikuwa inasubiri muziki kutoka ile ya Goma, iliyolala mfukoni bila kupiga chochote. Nimeligundua hilo mimi, bila fundi wala kitabu.

Ilibaki kuzima bluetooth ya simu ya Goma, na rekodi ingelia mara moja. Mkono ulishafika kwenye koti. Nikaurudisha.

"Mama, usikate. Imba."

"Niimbe aje, na nilisha kurekodi?"

"Imba tu. Tunaingia."

Nikatia gia. Mama akakohoa, akaanza, na tulipokata kona ya kuingia uani sauti yake ilikuwa imetangulia mbele yetu. Wanawake wa Nyamyumba wakaitikia. Shangazi akatoa kichwa dirishani akapiga vigelegele kwa nguvu zake zote. Dada alishuka akiwa analia na kucheka, na leso ilibaki kwenye kiti.

Huko Goma mama alikuwa anasikia kila kitu. Akakatiza ubeti katikati.

"Ule anapiga vigelegele sawa mbuzi, si ni wifi yangu?"

Ua wote ukaangua kicheko. Kisha akaendelea kuimba.