Nguvu za Kiganja

Juzi, kwenye uwanja wa shule huku Kishapu, niliwakuta watu wenye ulemavu wa akili wakipimwa utimamu wa mwili. Mama mmoja alimshika binti yake begani, akamwambia mpimaji: "Huyu muache tu, mwalimu. Hana nguvu. Nyumbani anakaa bure."

Binti, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akanyoosha mkono mwenyewe. Akapewa kifaa cha kupimia nguvu za kiganja, akakiminya. Mshale ukapita alama za wote waliotangulia.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Nakamua ng'ombe. Wote. Asubuhi na jioni."

Mpimaji akamgeukia mama. Mama akajifunika uso kwa khanga, akicheka: "Kweli, anakamua yeye. Sikuwahi kuiita kazi."

Nami nikaomba kujaribu. Matokeo yangu mhariri ameyaondoa kwa kukosa nafasi.