Matairi Niliyoyachagua Mwenyewe

Jambo hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa majirani. Mimi hupika pilau za harusi hapa Mji wa Kale, na masufuria huyapeleka kwa gari langu. Lilikuwa likikwaruza tumbo kwenye matuta, basi nikamwambia fundi alitie matairi makubwa zaidi. Akanambia hiyo si saizi yake. Nikamwambia atie.

Tangu hapo dereva wangu Hamisi, mtu mzima mwenye wajukuu, akawa hana raha.

"Bi Mkubwa, gari lakwenda mbio kuliko mshale wa spidi unavyosema."

"Mshale nauona. Hamsini, kama sheria itakavyo. Usipunguze, pilau yapoa."

Ijumaa, njia ya Kizingo, afande mmoja mwanamke akatupima mwendo kwa kamera yake. Hamsini na tano. Akachukua leseni ya Hamisi, na bila leseni Hamisi hana kazi.

Nikashuka. Nikamwambia kamera yake mbovu, mshale nilikuwa nikiutazama mimi, na gari hili halitiwi hata msumari bila amri yangu.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainama kwenye gurudumu.

"Mama, tairi hili si la gari hili, ni kubwa. Likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na mshale unahesabu mizunguko tu. Nani aliyeyatia matairi haya?"

Hamisi akatazama viatu vyake.

"Mimi," nikasema, kwa sauti ndogo ambayo Hamisi hajapata kuisikia kwangu. "Mrudishie leseni yake, afande. Kosa niandikie mimi."