Pini mbili za Lempi, msukuma theluji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha kwa jina tu. Theluji imekuwa ikianguka tangu jana alasiri na sasa inafika magotini. Lempi Karvonen ameketi juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, hajaiwasha. 

"Kila asubuhi ni hivi hivi," anasema. "Nakaa, nahesabu mpaka ishirini. Nikifika ishirini nawasha, niogope nisiogope."

Leo anafika ishirini mara mbili. Ndipo anabonyeza kitufe, injini inakohoa na kushika, na bamba la chuma lililo mbele ya pikipiki linashuka taratibu mpaka chini.

Lempi ana miaka sitini na mmoja. Anaishi Barabara ya Kuusi, kaskazini mwa Michigan, ambako kwa mwaka mmoja huanguka theluji ya mita sita. Majira ya baridi husukuma theluji kwenye vijia vya magari vya nyumba tisa, karibu zote za wazee. Huchukua dola ishirini na tano kwa kila nyumba, isipokuwa moja.

Nyumba hiyo moja ni ya Arvid Kemppainen, mwenye miaka sabini na tisa. Yeye humpa mkate wa iliki aliouoka mwenyewe, kwa sababu Lempi alikataa kitu kingine. Figo za Arvid zimekwisha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja na nusu kamili, gari la kujitolea la kanisa humchukua kwenda kusafishwa damu, mwendo wa kilomita arobaini na tano. Dereva ana wagonjwa wengine wanne wa kuchukua. Akikuta kijia kimezibwa, hupiga honi mara mbili na kuondoka.

Leo ni Ijumaa.

"Mwaka jana mashine ilinizimikia Jumatano moja," anasema Lempi. "Arvid akakosa gari. Siku mbili baadaye mapafu yake yalikuwa yamejaa maji. Nilisikia anavyopumua kabla sijafungua mlango wake. Mpaka leo sauti ile ninayo masikioni."

Mashine hiyo ya zamani ilikuwa ya mumewe, Reino, na ndiyo iliyomuua.

Ilikuwa Mei, miaka mitatu iliyopita. Reino alikuwa akifanya kazi mbili kwa mashine moja: baridi theluji, na baridi ikiisha, kusafisha njia ya msituni wanayopita waendesha pikipiki. Sehemu hii hakuna anayefungua bamba mapema, maana theluji huweza kurudi hata Mei. Bamba la Reino lilishikiliwa na boliti nane chini ya tumbo la mashine, nazo zilikuwa zimeota kutu. Kulifungua ilikuwa kazi ya nusu siku, mtu amelala kwenye tope. Kwa hiyo alilinyanyua juu, akaingia nalo msituni.

Kwenye mteremko wa Kijito cha Mierezi, fremu ya bamba ilinasa kisiki. Pikipiki ilibinuka, ikamwangukia.

Waliombeba kutoka msituni walikuwa sita. Mmoja wao ni Dale Tervo, mwenye duka la pikipiki mjini. Hajawahi kulitaja jambo hilo mbele ya Lempi.

Usukani ulinyooshwa, na Lempi akaiendesha mashine ile ile baridi tatu nyingine. "Nilikuwa naifunika turubai ili nisiione," anasema. Kazi ya msituni hakuigusa, na ujira wa miezi ya joto ukapotea. Oktoba mwaka huu injini ilikufa kabisa. Majirani walidhani ataacha kazi. Arvid kila asubuhi alionekana dirishani akitazama mawingu.

Lempi alikwenda kwa Dale wiki ya kwanza ya Novemba.

"Nataka itakayofungua kijia cha Arvid kila siku aliyoumba Mungu," alimwambia. "Na isiyoniua."

"Mama Karvonen, ya kwanza ninayo," alisema Dale. "Ya pili inategemea na dereva."

"Dereva mwenyewe mwoga."

"Basi tumeanza vizuri. Wanaonipa kazi ya kubeba watu ni mashujaa."

Dale alitazama chini mara tu alipomaliza kusema hivyo. Lempi akamgusa mkono, wakaendelea.

Madukani watu huchagua kwa ukubwa wa injini, na Lempi aliujua ushauri wote kabla hajapewa. Mashine kubwa, cc mia nane na hamsini, ina uzito unaong'ang'ania ardhi na husukuma theluji mbichi kama mchezo. Lakini ni nzito, huchomoka kwa kasi ukigusa mafuta kidogo tu, na ikikulalia huwezi kuinyanyua. Ile ya cc mia tano ni nyepesi na pana kiasi, hutulia kwenye mteremko, ila kwenye ukuta wa theluji iliyoganda huhitaji subira.

Dale hakumwuliza ana kiasi gani. Alizipakia zote mbili kwenye tela, akazileta Barabara ya Kuusi. Lempi alipanda kubwa, akaijaribu kwenye kilima kilicho nyuma ya sauna, chumba chake cha kuogea mvuke. Katikati ya kilima gurudumu la mbele likanyanyuka kidogo. Alikaza vidole kwenye breki, na Dale ikabidi amfungue kimoja kimoja.

"Shuka, mama. Tunywe kahawa kwanza," alisema, kana kwamba ni yeye aliyechoka.

Baada ya kahawa Lempi hakupanda tena. Alipiga magoti kwenye majani yenye umande, akaanza kuchungulia chini ya matumbo ya mashine.

"Umepoteza nini?" aliuliza Arvid, aliyekuwa amevuka barabara na fimbo yake kuja kuona.

"Natafuta jinsi bamba lilivyoshikiliwa."

"Watu hukagua injini, huyu anakagua tumbo. Lempi, unanunua pikipiki au ng'ombe?"

"Nyamaza wewe mzee. Ng'ombe nisingekuuliza wewe, uliuziwa dume ukamtafutia ndoo ya maziwa."

Bamba la ile kubwa lilifungwa chini ya tumbo; la ile ndogo lilishikwa mbele, kwa pini mbili. Lempi alivaa glavu zake nene, akavuta ya kushoto, akavuta ya kulia. Bamba likalala kwenye majani, na chini ya tumbo hakukubaki chuma cha kunasa kisiki. Akarudisha. Akavuta tena. Vidole vyake vina yabisi, lakini haikufika dakika tatu.

"Hii," alisema.

Dale alitaka kumweleza kuhusu nguvu ya injini, akaacha. Alimwuzia kwa dola elfu saba na mia mbili, na minyororo ya magurudumu akaishusha kutoka kwenye tela bila kuiandika kwenye risiti.

Na sasa ni Ijumaa, dhoruba ya kwanza kubwa, saa moja na robo. Lempi ameshafungua kijia cha Arvid mpaka karibu na barabara, na hapo amesimama. Greda la kaunti limepita likisafisha barabara na kuacha ukuta wa theluji mdomoni mwa kijia, unaomfika kifuani, mgumu kama zege. Reino angeuvamia kwa kasi. Ile mashine kubwa ingeuvunja kwa mara mbili.

Lempi anaumega pembeni, kama anayekata mkate uliolala, safu kwa safu, ananyanyua bamba, anarudi nyuma, anaanza tena. Mara ya saba magurudumu yanateleza na mashine inageuka ubavu. Anaachia mafuta. Midomo yake inasogea. Anahesabu.

Mlango wa nyumba unafunguka. Arvid anatoka na koti la safari, mkononi ndoo ya majivu ya jiko la sauna, yale ambayo kila nyumba hapa huyaweka mlangoni, ya kumwaga kwenye barafu watu wasiteleze.

"Rudi ndani," Lempi anapaza sauti. "Utanifia hapa na ugonjwa wako huo."

"Wewe endelea kupika, mimi natia chumvi tu," anajibu mzee, na anamwaga majivu mbele ya kila gurudumu, polepole, akishikilia mashine asianguke.

Taa za gari zinaonekana mwisho wa barabara. Lempi anagusa mafuta kwa kidole gumba. Magurudumu yanauma majivu. Mara ya nane, mara ya tisa, mara ya kumi, na ukuta unafunguka kwa upana wa gari moja, si zaidi. Honi haijapigwa. Arvid anatoa ndani ya koti mkate uliofungwa kwa taulo, anauweka juu ya pikipiki nyuma ya Lempi, anapanda gari, na mlango unafungwa.

Lempi anabaki ameegemea usukani mpaka gari lipotelee kwenye miti. Bado nyumba nane.

Ndani ya kibanda chake, kwenye ukuta wa mbao, kuna ndoano mpya kubwa isiyoning'iniza kitu. Juu yake ameandika kwa chaki: Mei 1. Siku hiyo, iwe theluji imekwisha au la, atavuta pini, atalitundika bamba na kuianza tena kazi ya Reino ya msituni. Ataanzia Kijito cha Mierezi, ambako hajakanyaga tangu wambebe Reino.

"Usiandike kwamba sitaogopa," anamwambia mwandishi. "Nitaogopa sana."

Tangu Novemba amefanya mazoezi ya kuvuta pini hizo kibandani kila Jumapili, na Arvid ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa akimhesabia. Mzee ameshajinunulia kofia ngumu, ingawa pikipiki ni ya mtu mmoja na Lempi amemkatalia mara tatu. Ataishia mdomoni mwa msitu, anasema Arvid, atakaa hapo na chupa ya kahawa mpaka aisikie injini ikirudi.