Mama Koku amesikika mara mbili

Leo nimemsikia jirani yangu Mama Koku mara mbili kwa wakati mmoja: redioni, na kupitia ukuta wa mabanzi.

Nilikuwa kwa Neema, fundi cherehani wa hapa Igogo. Amepakana na kibanda cha simu.

"Jina nalificha," Mama Koku akamwambia mtangazaji kwa simu. "Tangu mume wangu afariki, giza likiingia naiogopa nyumba yangu mwenyewe."

Neema akapunguza sauti ya redio. Haikusaidia kitu.

Mara Mama Koku akaingia. "Mmesikiliza kipindi?"

"Betri zimekwisha, dada," akajibu Neema.

Redio ilikuwa inaimba.

Jioni nikaenda kwake kuomba chumvi, ingawa niliyonayo inatosha kukausha samaki furu wa mtaa mzima.

Nikamkuta Neema ameshakaa. Alifuata kiberiti.

"Leo wote mmeishiwa?" akauliza Mama Koku, akiongeza maji ya chai.

Kesho zamu ya nani, na ataomba nini?