Konzi ya Pili

Fundi viatu wa mtaa wetu tulimwita Gundi, maana ukimpa mkono wa salamu, wako hurudi ukinata. Kibandani kwake hukosi kicheko. Lakini jioni akishafika kwake, wenzangu, maneno yote aliyaacha mlangoni pamoja na viatu.

Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tangu hapo Gundi aliishi kwa biskuti, soda na tambi za pakiti. Si kwamba hakujua kupika. Tambi ni dakika tatu: unamwaga maji ya moto, unakula umesimama, kwisha. Maharage yanataka saa mbili, na katika saa mbili hizo nyumba huanza kukusemesha.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila jioni.

"Shikamoo baba. Umekula?"

"Marahaba mama. Nimekula."

"Umekula nini?"

"Maharage!" alijibu upesi, uma ukiwa ndani ya bakuli la tambi.

Kisha kikatokea kidonda kwenye dole gumba la mguu. Wiki ya nne, hakitaki kufunga. Muuguzi wa zahanati akampima sukari, akaangalia namba, akamwangalia mwenye namba.

"Babu, unakula nini wewe?"

"Maha..." Ulimi ukamwia mzito. "Vya pakiti, mjukuu wangu."

"Dawa nakupa, ila nusu ya dawa iko jikoni kwako. Rudia maharage, mboga za majani, nafaka isiyokobolewa. Chakula unachokijua sura. Ukikaidi, utakuwa fundi viatu anayehitaji kiatu kimoja."

"Hicho kimoja nitajishonea mwenyewe."

Muuguzi hakucheka.

Jioni hiyo Gundi alishusha kopo la maharage, akavaa miwani yake ya kazi, akachambua mawe. Marehemu mkewe alikuwa akipima kwa konzi ya mkono, moja kwa kila mlaji. Enzi za watoto zilifika sita, mwisho zikabaki mbili. Gundi akatia ya kwanza, akatia ya pili, akabandika sufuria. Akakaa. Kifuniko kilipoanza kucheza, mara mbili aliitika "Naam!" na hakuna aliyemwita. Alipoinuka kupakua, alijikuta ameshika sahani mbili.

Akazirudisha zote. Akafungua pakiti ya tambi, akala amesimama. Maharage yakalala, kesho yake yakachacha.

Zikapita siku tatu za namna hiyo. Ya nne, jirani mmoja alileta kiatu kushonwa soli.

"Kimoja tu?" Gundi akauliza.

"Mwenzake mzima. Vipi, siku hizi unataka nilete na mguu?"

Kibanda kizima kikacheka. Gundi naye akacheka, kwa mdomo tu. Kiatu kile kilikaa magotini pake muda mrefu, na sindano haikuingia.

Dole lake lilipona, nisiwaweke roho juu, ingawa lilichukua miezi miwili. Ninayotaka kuwasimulia ni jioni ya siku ile.

Alitia konzi ya kwanza sufuriani, na mkono, kwa mazoea yake, ukatia ya pili. Safari hii aliona. Akauzamisha mkono ule ule majini, akatoa konzi moja, akayaanika maharage yale mabichi juu ya kitambaa kibarazani, yakauke yarudi koponi. Aliyatandaza kwa kiganja, taratibu, hata yaliyokuwa yameshatandaa.

Saa mbili zilikwenda kwa mwendo wake. Nyumba ikasema yake, naye akaisikiliza mpaka mwisho, maana pa kukimbilia hapakuwapo. Akapakua sahani moja. Akavuta kigoda, akakaa, akala.

Simu ikalia.

"Shikamoo baba. Umekula?"

"Marahaba. Nakula sasa hivi."

"Unakula nini?"

Gundi akatafuna kwanza, akameza.

"Maharage."



"Leo umechelewa kunijibu, baba. Siku zote unajibu kama umekariri."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Gundi akakivuta kigoda karibu na jiko, ambamo makaa yalikuwa bado na joto.

"Yanachelewa kuiva, mama," akasema. "Mtu peke yake, yanachelewa sana kuiva."

"Basi usikate simu," binti akasema. "Kula, nakusikia."