Mkasi na Mechi Aliyokubali Kuipoteza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka, na kocha wa timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo anachora mistari ya uwanja kwa chokaa. Anatembea kinyumenyume, mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Akifika kwenye boksi, anasimama.

"Hapa ndipo nilipokuwa naishi," anasema akicheka. "Nyumbani nilikwenda kulala tu."

Ana miaka hamsini na sita. Waliomwona akicheza wanamwita Mkasi, kwa alivyokuwa akijipindua hewani na kuupiga mpira kichwa kikiwa chini, miguu juu. Katika misimu saba alifunga mabao tisini na moja.

Mkewe, mshonaji wa kiwandani hapo, hajasahau. "Alikuwa anapita na njumu begani, wasichana wote kimya. Mimi nikajifanya simwoni. Ndiyo maana akanioa."

Mambo yaliharibika wiki ya fainali. Goti lilivimba Jumanne, naye akalificha.

"Kocha wangu aliniuliza, 'Mwanangu, mbona unachechemea?' Nikamwambia kiatu kinabana. Alijua nadanganya, lakini alilitaka kombe kama mimi."

Dakika ya ishirini na mbili aliruka kuifuata krosi, akatua vibaya. Hakucheza tena. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Kwa miaka tisa alipakia marobota ghalani na hakukanyaga uwanja. Mpira ukitangazwa redioni, alizima. Aliyemtoa huko ni mkewe, baada ya washonaji kuanza kucheza mapumziko ya mchana.

"Nilimwambia, 'Baba watoto, wenzangu wanakimbiza mpira kama wanafukuza kuku. Njoo uwaonyeshe japo kusimama.'"

Alikwenda kwa nusu saa. Sasa ni mwaka wa ishirini.

Mwezi uliopita timu ilibakiza mechi moja kupanda daraja. Siku mbili kabla, Mkasi alimwona mshambuliaji wake, mkata vitambaa wa miaka ishirini na mitatu, amekuja mazoezini na suruali ndefu kwenye jua kali. Akamwita pembeni.

"Goti hilo."

"Nimelala vibaya tu, kocha."

"Mimi nilisema kiatu. Keshokutwa huchezi."

Binti alilia. Wenzake wakanuna. Hata nyumbani, mkewe alikasirika. "Chakula aliniwekea," anasema Mkasi, "maneno akabaki nayo."

Walifungwa bao moja bila. Kwa wiki nzima mshambuliaji hakumsalimia, hadi alipokwenda kupigwa picha ya goti hospitalini. Daktari alimwambia kano imechanika kidogo. Angecheza, ingekatika kabisa. Jioni hiyo aligonga mlango wa Mkasi.

"Aliingia, akakaa," anakumbuka mkewe. "Nikamwongezea sahani. Mume wangu akaenda uani, akarudi macho mekundu, ati moshi. Na jiko lilikuwa limezimwa!"

Binti ataanza mazoezi mepesi baada ya wiki sita. Mkasi ameshampangia ratiba. Anataka timu ipande msimu ujao, kisha amwachie msaidizi wake mikoba.

"Nikanunue tiketi kama watu," anasema. "Nikae jukwaani na mama watoto, nimzomee kocha, halafu nimtazame yule binti anavyokimbia mpaka afike miaka thelathini na tano."